Ntumba za Mama

Kaka yangu Christopha alishatoa hukumu kwa simu: Mama akipotea tena, Jumamosi anakuja kumchukua, akakae naye Mbeya kwenye nyumba yenye geti na mlinzi. Mama huyuhuyu ambaye hawezi kumwacha mpita njia bila kumsalimia. Nilikasirika hadi nikatia chumvi mara mbili kwenye maharage.

Lakini kupotea, alikuwa anapotea. Kila asubuhi alibeba jembe akaondoka, akisema anawahi shamba la Mwazye alikozaliwa, na kutoka hapa Sumbawanga mjini Mwazye si mahali pa kwenda kwa miguu. Nilificha jembe, akaazima kwa jirani. Nilifunga mlango wa mbele, akapitia uani.

Ndipo nikaenda kwenye mafunzo ya walezi wa wagonjwa wa kusahau, ukumbi wa parokia. Nisidanganye, nilifuata chai. Muuguzi Minza alituambia kila mmoja aandike tatizo lake. Nikaandika: Mama ni mkaidi.

Akasoma, akacheka. "Dada Josefina, hapa umemsema mama yako, tatizo hujaliandika. Anatoka saa ngapi? Akifika anakokwenda anataka kufanya nini?"

Sikujua. Miaka miwili naishi naye, kazi yangu kumkimbiza tu.

"Basi kaangalie kwanza," akasema. "Halafu andika njia zote, hata za kijinga. Jaribu moja. Ikigoma, usijilaumu, jaribu nyingine."

Kesho yake sikumzuia, nilimfuata. Alifika kwenye kiwanja cha jirani yetu Mzee Yusto, akaona majani marefu, akasimama. Akaanza kuyakata, akayarundika, akayafukia kwa udongo. Kumbe ntumba! Vile vichuguu tunavyotengeneza Ufipa mvua zikielekea mwisho, majani yaoze ndani, baadaye tupande ulezi. Ulikuwa mwezi wa tatu. Mama alikuwa anawahi msimu.

Njia yangu ya kijinga ikawa hii: niliomba majani kwa Mzee Yusto, nikayamwaga uani kwetu, nikamrudishia Mama jembe. Hakutoka siku hiyo, wala ya pili. Siku ya tatu uwanja ulijaa ntumba, naye akaanza kutazama barabara. Alipolala baada ya chakula cha mchana nikazibomoa zote, nikayachambua majani kwenye udongo. Asubuhi akaanza upya, anaimba Kifipa. Tukaendelea hivyo, ingawa niliona aibu kumdanganya mzazi.

Jumamosi Christopha akafika na viatu vyake vya kung'aa, hakungoja kusikia kama Mama amepotea tena.

"Shikamoo Mama. Twende Mbeya ukapumzike."

"Marahaba. Na kazi hii amalize nani?"

Christopha akanivuta pembeni, nikamweleza yote. Akashangaa: "Hajui kwamba unazibomoa?"

"Hajui."

Mama akaegemea jembe. Masikio yake hayajawahi kuugua.

"Najua," akasema. "Huyu binti anazibomoa kila nikilala. Jina lake limenitoka, lakini mwacheni. Ananitafutia kazi."

Nililia palepale, na sioni aibu kusema. Christopha akainama akavua viatu, akauliza jembe jingine liko wapi. Mama akamwonyesha, halafu akanigeukia mimi na kuniambia nisogee, nimemkanyagia majani.