Tabaka la Kati

Godoro lilirudi Kihanga Ijumaa mchana, limefungwa kamba juu ya pikipiki, na pembeni mwake umening'inia mfuko wa salfeti uliojaa majani makavu ya mgomba. Mwendesha pikipiki aliutua mzigo huo barazani kwa Kemirembe. Alisema ametumwa na Mzee Athanasi wa Chonyonyo, baba wa bwana harusi, na kwamba wakwe watafika Jumapili nyumbani kwa baba wa bibi harusi, waulize ni nani aliyewalaza watoto wao matangani.

Kemirembe aliifungua zipu ya kava, akatia mkono ndani. Sponji ya chini, ile ngumu ya buluu, ilikuwapo. Sponji ya juu, nyeupe na laini, ilikuwapo. Katikati, mahali alipoilaza ile ya manjano, palikuwa wazi, na vumbi la majani limeganda kwenye gundi.

Katika nchi ile godoro la bibi harusi hutolewa na shangazi yake, dada wa baba, na Kemirembe ndiye aliyekuwa shangazi wa Beata. Tena katika nchi ile majani makavu ya mgomba hutandikwa sakafuni siku za msiba, wafiwa wakayalalia mpaka matanga yaondolewe. Kumtandikia mwali majani hayo ni kumwambia aende akafiwe.

Tangu alipokuwa mjane, Kemirembe alijipatia riziki kwa kutengeneza magodoro na mito ya viti. Hakuwa mtu wa pupa. Alipaka gundi, akaingoja mpaka inate kidoleni bila kukifuata kidole, ndipo akalaza tabaka juu ya tabaka, akilikandamiza kwa viganja kutoka katikati kwenda kingoni ili hewa isibaki ndani. "La juu ni la kukusifia, la chini ni la kukinga chaga," alizoea kuwaambia wateja. "La kati ndilo linalokubeba." Godoro la Beata alilishona kwa namna hiyo hiyo, akalipeleka mwenyewe nyumbani kwa kaka yake mdogo Novatus, baba wa Beata, likangoja huko siku ya harusi.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa Novatus.

"Karibu, dada, waitu," Novatus alisema kwa lugha ya heshima ya kwao, akimsogezea kiti. "Habari nimezisikia. Nimeshindwa hata kunywa chai."

Kemirembe aliketi. Viti vya nyumba ile alivijua tangu zamani kuwa mbao tupu. Sasa vilikuwa na mito ya kitambaa cha kijani. Sponji ilimpokea, ikamshusha taratibu, kisha ikamwinua kidogo, kama mtu anayemsahihisha mwenzake kwa adabu. Akasimama. Akaketi tena.

"Novatus."

"Naam, dada."

"Mito hii umeipata wapi?"

"Nimenunua Kayanga."

Kemirembe aliuvuta mto wa kiti cha jirani, akafungua zipu yake. Sponji ilikuwa ya manjano. Upande mmoja imeganda magamba ya buluu, upande wa pili magamba meupe, pale gundi ilipokataa kuachia.

"Kumbe Kayanga wanauza na gundi yangu," alisema.

Novatus alianza kukuna goti.

"Wakwe walikuwa wanakuja kumchukua mtoto, dada. Mara ya kwanza walipokuja, yule Speciose, dada yake Athanasi, alisema makalio yake yamezungumza na misumari yangu. Alisema mbele ya watu. Nikaona aibu."

"Ungeniambia, ningekushonea."

"Ungenisomea hotuba kwanza."

"Ningekusomea, kisha ningekushonea. Na majani?"

"Godoro lilinywea. Nikatafuta cha kujazia. Migomba iko mlangoni, sikufikiri."

"Tulipomzika baba, ulilalia nini?"

"Majani."

"Basi mgongo wako unakumbuka. Kichwa chako ndicho kilichosahau."

Novatus aliinamisha uso. Alikuwa na nywele za mvi tayari, lakini alipoinama hivyo, dada yake aliiona shingo ile ile aliyokuwa akiifunika kwa kanga alipombeba kwenda kisimani. Hasira yake ikapungua, jambo ambalo baadaye alilijutia.

"Kesho nitasema mwenyewe," Novatus alisema. "Mungu ni shahidi. Siwezi kukuacha ubebe mzigo wangu."

Kemirembe akamwamini. Walitoka tumbo moja. Angemwamini nani mwingine?

Jumapili wakwe walifika baada ya misa. Mzee Athanasi aliketi, na Speciose akaketi kando yake, akipapasa mto wa kijani kwa kiganja kabla ya kuuamini. Beata aliyekuja nao alikaa mkekani karibu na mlango, macho yamemvimba, asimtazame mtu.

"Hatukuja kugombana," Athanasi alianza. "Tumekuja kuuliza. Mtoto alilala, akasikia kitanda kinachakacha. Mama mkwe wake akafungua, akakuta aliyoyakuta. Baba wa mtoto, tuambie, majani yale yaliingiaje?"

Novatus alikohoa. Alimtazama dada yake, kisha akautazama ukuta.

"Godoro lilishonwa na dada yangu," alisema. "Mimi nililipokea limefungwa, nikalitoa limefungwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, wazee. Aliyeshona ndiye ajuaye alichokishonea."

Maneno yale yalimpita Kemirembe kwanza kama yanamhusu mtu mwingine. Kisha yakarudi, yakamkaa kifuani. Mkono wake ulishuka wenyewe hadi kwenye zipu ya mto alioukalia. Angeivuta tu, angewainua wazee wote wakaone walichokalia.

"Nashukuru kusikia hivyo," Athanasi alisema, na uso wake ukalegea. "Maana shangazi akikosea hutengeneza. Hukiri, akasamehewa, yakaisha. Lakini lau mkono ungekuwa wa baba mzazi, tungemwacha Beata hapa hapa leo. Majani ya baba ni laana, hayafagiliki."

Beata aliinua kichwa. Alikuwa ameolewa na mtu anayempenda, na hilo Kemirembe alilijua kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyeambiwa kwanza.

Mkono ukaiacha zipu.

"Ni mimi," Kemirembe alisema. "Sponji ya kati iliniishia, nikajazia majani. Nimekosa, wazee wangu. Nitashona jingine."

"Jingine?" Speciose alisema. "Mpishi akiishiwa chumvi hutia majivu? Godoro tutalitafuta wenyewe. Na Beata akijaliwa mtoto, wa kuja kumwogesha mzazi na awe mwingine. Mikono hii tumeiona."

Kemirembe alimgeukia kaka yake, angalau kwa hilo amtetee.

"Ni haki yenu," Novatus alisema.

Wakwe walikunywa soda, wakaaga. Uani Novatus alimsogelea dada yake, akanong'ona, "Umeniokoa, dada. Sitasahau."

"Sikukuokoa wewe," Kemirembe alijibu. "Wewe nimekuacha pale ulipoketi."

Alimwacha, akaenda hadi penye pikipiki. Beata alikuwa amesimama peke yake, akifunga kilemba. Athanasi alikuwa hatua chache tu kutoka kwao, akimsikiliza dereva.

"Shikamoo," Beata alisema. Siku zote alikuwa akisema, "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Kwa nini?"

Kweli ilikuwa ulimini mwa Kemirembe, nzima, imeshatafunwa. Alimtazama Athanasi, akaimeza.

"Muulize baba yako," alisema.

"Baba ameshasema," Beata alijibu, akapanda pikipiki nyuma ya dereva, na shangazi yake akasogea kando ili wapite.