Shati Jipya la Mdogo

Jumapili asubuhi Mdogo alikaa ukingoni mwa kitanda akachomoa pini kwenye shati jipya. Pini akazichomeka kwenye kipande cha sabuni zisije zikamchoma mtu mguu, akatoa kadibodi chini ya kola, akalikung'uta. Lilikuwa la rangi ya chungwa, mikono mirefu, linanukia duka. Akalivaa. Alipofika kifungo cha tatu, rangi ya chungwa ilikuwa imeshakwenda zake. Shati lilikuwa la bluu lenye miraba, kola imechakaa, mkono wa kushoto umepauka kwa jua, mfuko wa kifuani umelegea kama shavu la mzee. Mfukoni mlikuwa na pipi za mnanaa na funguo za gari.

Simu ikaita kabla hajamaliza kufunga vifungo.

"Bwana mdogo, funguo zangu unazo?"

"Ninazo."

"Na pipi?"

"Na pipi."

"Pipi kula. Funguo lete, nina mwanafunzi hapa anashika usukani wa gari lililozimwa mpaka anasinzia."

Huyo alikuwa Kaka Mkubwa, mwalimu wa udereva. Miaka yote amekaa kiti cha abiria, kiwiko cha kushoto nje ya dirisha, akimung'unya mnanaa ili asiwapulizie wanafunzi harufu ya sigara. Ndiyo maana mashati yake yalipauka mkono mmoja. Mdogo hakuwahi kumfundisha mtu kuendesha hata baiskeli, lakini mashati yake nayo yalipauka mkono huo huo.

Watu wote walimwita Mdogo, hata vijana ambao angeweza kuwazaa. Alikuwa na miaka arobaini na saba, fundi wa lifti, na ukiacha ovaroli ya kazini hakuwahi kuvaa nguo isiyopitia kwa kaka yake. Ovaroli haikubadilika, kwa kuwa ilikuwa mali ya kampuni. Lakini kaptura za shule zilipitia kwa Kaka Mkubwa, sweta likapitia, na viatu vilimfikia vidole vya kaka yake vikiwa vimeshajichimbia mashimo ya kulala. Wahenga walisema mkubwa ni jalala. Kwao, jalala lilikuwa Mdogo. Alipoanza kujinunulia mwenyewe, nguo ziliendelea kupitia huko huko zenyewe, bila kusumbua mtu. Alinunua jinzi nyeusi, ikawa suruali ya kadeti iliyotoka magoti. Alinunua raba nyeupe, zikawa makubazi. Hakulalamika. Mtu hulalamikia mvua akiwa na pa kujificha.

Aliyemfanya aanze kulalamika ni mfamasia.

Mfamasia alikuwa na duka la dawa ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake hukwama kila mvua ikinyesha. Siku moja ilikwama naye ndani. Mdogo alilala kifudifudi sakafuni ghorofa ya tatu, mkono wa kulia ndani ya mashine mpaka begani, akazungumza naye kupitia ufa wa mlango. Kila kelele alimwambia kabla haijatokea. Sasa utasikia kama mtu anaburuta kabati, usijali. Sasa itashuka kidogo kama umekosea ngazi. Mfamasia alitoka anacheka. Tangu hapo wakawa wanasalimiana, halafu wanapiga soga, halafu mama huyo akasema, "Mimi nakujua kwa ovaroli tu. Jumapili njoo nikuone na nguo zako."

Jumapili yenyewe ndiyo hiyo ya shati la chungwa. Mdogo alipeleka funguo, akashika njia ya kwa mfamasia. Chai ilikuwa imeandaliwa kibarazani. Mfamasia alimtazama juu mpaka chini, kama anavyotazama chupa kujua kama dawa imeshapitwa na muda.

"Hizi si zako."

"Nimenunua mimi. Risiti hii hapa."

"Sijauliza nani kalipa. Nauliza za nani."

"Za kaka yangu," Mdogo akakubali.

"Basi kaka yako nimemwona. Anapendeza. Wewe utakuja lini?"

Akakaribishwa chai, akanywa, akaongezewa. Lakini ilikuwa chai anayopewa shemeji. Aliijua kwa jinsi sukari ilivyosogezwa, kwa adabu na kwa mbali. Njiani kurudi nyumbani akala pipi zote za mnanaa kwa hasira.

Kesho yake akaenda kwa fundi cherehani. Fundi akamzungushia utepe kifuani.

"Arobaini na nne."

"Mimi ni thelathini na nane."

"Utepe hauna ugomvi na mtu."

"Pima tena."

"Arobaini na nne, na kitambi. Una kitambi?"

"Sina."

"Kaka yako anacho?"

"Anacho."

Fundi akauning'iniza utepe shingoni kwake. "Mko wengi. Juzi nimempima mama mmoja hapo ulipo, vikatoka vipimo vya dada yake, tena mjamzito. Sikushonei, bwana, nitakata kitambaa chako bure. Utotoni nani alikuwa anakuvisha?"

"Mama."

"Alishawahi kukununulia kitu kipya, cha kwako?"

Mdogo akafikiri. Fundi akashona pindo la pazia mpaka mwisho, akaligeuza, akaanza upande wa pili.

"Kofia," Mdogo akasema. Halafu akasema, "Hapana. Nayo ilikuwa yake."

"Nenda kwa mama yako. Uzi huu ulianzia kwake, na ncha anayo yeye."

Mama yake alikuwa sebuleni anakunja nguo zilizotoka kuanuliwa. Mdogo alimwamkia, akakaa, akaenda moja kwa moja kwenye jambo.

"Mama, naomba uninunulie shati."

"Umefukuzwa kazi?"

"Hapana. Pesa nitatoa mimi."

"Basi si ukanunue?"

"Linatakiwa ununue wewe, uninunulie mimi."

Mama akakunja foronya. "Mtu ana mvi mpaka kifuani anataka mama yake amvishe. Kaka yako hajaniomba shati hata siku moja."

"Kaka hakuwa na haja ya kuomba."

Mama akaipapasa ile foronya kuinyoosha, ingawa haikuwa na hata mkunjo mmoja. Alipapasa muda mrefu.

"Rangi gani?"

"Ya chungwa."

"Chungwa inaonyesha uchafu," mama akasema, na mjadala ukaishia hapo.

Kabla ya wiki kwisha akamwita. Shati lilikuwa la bluu nzito, limefungwa kwenye mfuko wake, na pini zake. "Nimelipitisha tu mgongoni kwa kaka yako nione linavyokaa," mama akasema. "Hakulivaa."

Mdogo akalivaa pale pale. Kifungo cha tatu kikapita. Cha nne kikapita. Akafika cha mwisho, bluu ikabaki bluu ile ile, kola imesimama, na mfukoni hamna kitu. Mabega ya shati yalishukia karibu na viwiko. Mikono ilipita vidole ikaning'inia. Ndani yake angeweza kukaa Mdogo na mgeni wake.

"Mama, kubwa."

"Utakua."

"Nina miaka arobaini na saba."

"Kwani nini? Nguo hununuliwa ya kukulia. Ukiona linakusumbua, mpe kaka yako aanze nalo, lilainike."

"Nitalivaa hivi hivi," Mdogo akasema. Kwa jinsi alivyolisema, mama akaacha kukunja nguo akamtazama, kisha akaendelea kukunja.

Jumapili alisimama mbele ya kioo. Mkono wa kulia aliukunja mara tatu, ukapanda juu ya kiwiko, kwa sababu huo ndio unaoingia kwenye mashine na umezoea kuwa wazi. Wa kushoto aliukunja mara moja tu, kwa sababu wa kushoto hushika tochi. Upande mmoja wa shati akauchomeka, mwingine akauacha ufunike mfuko wa suruali wenye bisibisi ndogo. Bila bisibisi hakuweza kutembea, hata Jumapili. Hakuwa na mawazo ya mtindo. Alivaa kama mtu anayejua kuna mwanamke anaweza kukwama mahali akamhitaji.

Kwenye kona kinyozi alikuwa amekaa nje ya kibanda chake, hana mteja.

"Mzee, staili gani hiyo?"

"Yangu," Mdogo akasema.

Neno likamkaa vizuri mdomoni. Alipovuka barabara akalisema tena, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mfamasia alimtazama juu mpaka chini, akaishia kwenye ule mkono wa kulia.

"Haa. Huyu sasa ndiye wa kwenye ufa," akasema. Akavuta kiti akakiweka karibu na chake. Sukari hakuisogeza. Alimtilia mwenyewe.

Mambo yalikwenda upesi, kama yanavyokwenda kwa watu wazima. Haukupita muda Mdogo akampeleka mfamasia kwa mama yake kwa chakula cha mchana. Alivaa lile lile shati la bluu, limefuliwa mara kadhaa na bado kubwa, mikono imekunjwa kama kawaida yake.

Kaka Mkubwa alichelewa. Aliingia amevaa shati jipya jeupe. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjwa mara tatu, wa kushoto mara moja, upande mmoja umechomekwa na mwingine umeachwa. Karibu na kiwiko cha kulia palikuwa na alama ya grisi.

"Sijui hili limekuwaje," akasema akivuta kiti. "Nimelitoa kwenye pini asubuhi hii. Nafika kifungo cha tatu, limejikunja. Nakunjua, linakunja. Nikaliacha. Halafu, bwana mdogo, bisibisi hii ni yako?"

"Yangu. Nilikuwa naitafuta."

Kaka Mkubwa akampa kupitia juu ya meza. Mdogo akaitia mfukoni. Maisha yao yote lifti ya nguo zao ilikuwa ya kushuka tu, kutoka kwa mkubwa kuja kwa mdogo. Leo ilikuwa imepanda. Aliweka mikono mezani, huku na huku ya sahani, mahali ambapo mtu yeyote angeiona, akasubiri.

Mama alikuwa anapakua. Alisimama na upawa hewani, akamtazama Kaka Mkubwa kwa furaha tupu.

"Jamani, mwanangu huyu anajua kuvaa! Tazameni mikono alivyoikunja." Akageuka, akashika mkono wa kulia wa shati la Mdogo, akaukunjua taratibu mpaka ukafunika vidole. "Na wewe uwe unamwiga kaka yako kidogo."

Mfamasia akamtazama Mdogo. Mdogo akakunja mkono wa shati, mara tatu, mpaka juu ya kiwiko, akampitishia kaka yake chumvi.

"Nitajaribu, mama," akasema.