Jasho la Bwanausi

Saa moja asubuhi Bwanausi alichovya shati lake kwenye pipa la maji ya kisima, akalikamua kidogo, akalivaa likichuruzika. Akalowesha gunia, akajitupia kichwani, akachukua reki yake ya mbao na kushuka kwenye majaruba ya chumvi, vile vidimbwi vya kukaushia maji ya bahari. Kila baada ya nusu saa alirudi pipani. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu na hakuwahi kutoka tone la jasho. Alizaliwa hivyo, na meno aliyoota ni sita tu. Daktari wa Dar es Salaam alimwambia neno moja: usikauke. Utotoni joto lilimwangusha mara tatu, lakini tangu ajue kukaa na maji halikumwangusha tena. Mwili wake aliujua kama mtu anavyoijua baiskeli yake mbovu.

Kwenye shamba lile la chumvi, nje kidogo ya Bagamoyo, kibarua alipimwa kwa mgongo. Kila saa sita nyapara Abdulazizi alipita nyuma ya watu akipapasa mashati. Mwenye mgongo mkavu alihesabiwa hakufanya kazi. Mwenye mgongo uliolowa mwezi mzima aliingizwa kwenye orodha ya kudumu, na wa kudumu hafukuzwi mvua zikianza. Orodha ilikuwa inafungwa Alhamisi. Bwanausi alikuwa amebakiza siku nne.

Jumatatu Abdulazizi alimpapasa, kisha akalamba kidole.

"Jasho hili halina chumvi," alisema.

"Maji ya kisima hayo. Mimi sitoki jasho. Cheti nilikuletea."

"Nilikisoma. Mtu asiyetoka jasho anafanya kazi gani?"

"Lile lundo pale nimelikusanya mimi."

"Lundo halina mgongo," Abdulazizi alisema. Akaamuru pipa liviringishwe hadi kwenye banda lake na kufungwa kufuli, kwa kuwa maji ni ya kunywa, si ya kufanyia ujanja.

Jumanne Bwanausi alishuka mkavu. Mwanamvua, mama wa makamo kutoka Mkange aliyebeba chumvi kwa beseni, alimwambia arudi nyumbani.

"Utajiua kwa ajili ya orodha, mdogo wangu?"

"Sifi, dada. Nikiona kizunguzungu nitakaa."

Saa nne masikio yalianza kumvuma, kama zamani. Alivuta reki mara mbili zaidi, na joto likamtoka. Halikupungua, lilimtoka lote, kama koti lililovuliwa. Kule bandani, Abdulazizi, aliyekuwa amekaa kivulini kwenye kiti cha plastiki na feni ya betri usoni, akaanza kuchuruzika.

Mwanamvua alikuwa anapita na beseni lake.

"Bwanausi, jasho lako limefika kwa nyapara."

"Umejuaje ni langu?"

"Weka reki chini."

Akaweka. Abdulazizi akakauka.

"Haya, vuta."

Akavuta. Tone likaning'inia kwenye pua ya Abdulazizi, likadondoka, likafuatwa na mengine.

"Ni lako," Mwanamvua alisema, akaendelea na safari yake. Vibarua wengine walitazama kidogo wakainama tena.

Mchana Abdulazizi alimfuata jarubani na taulo shingoni.

"Pumzika kidogo, bwana."

"Siwezi. Orodha inafungwa keshokutwa."

"Basi vuta polepole."

"Polepole wanavuta wavivu. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Jumatano Abdulazizi alikuja na mashati matatu. Pipa alilivuta hadi ubavuni mwa kiti chake, kwa sababu alikuwa anapoteza maji mengi.

Alhamisi saa sita alifika Bibi Kholood, mwenye shamba la chumvi. Watu wakampa shikamoo zake, naye akaitikia marahaba moja ya wote. Kupapasa migongo alifundishwa na marehemu baba yake na hakuamini kipimo kingine. Bwanausi alikuwa amefanya kazi ya watu wawili tangu alfajiri. Bibi akamgusa: mkavu kama karatasi.

"Huyu?"

"Hana jasho, bibi," Abdulazizi alisema, huku akikamua taulo.

"Jasho langu analo yeye," Bwanausi alisema.

"Ni kweli, bibi," Mwanamvua alisema. "Huyu akiweka reki chini, nyapara anakauka. Tumeshajaribu."

Bibi Kholood hakubisha. Alimwambia Bwanausi aweke reki chini, kisha aivute, akaona. Halafu akapitisha kidole kwenye mgongo wa Abdulazizi na kukilamba.

"Chumvi nzuri," alisema. "Naona ni lako, Bwanausi. Lakini mimi naandika mwenye mgongo lilikokutwa."

Abdulazizi akafanywa nyapara wa majaruba yote, na pipa la pili likaagizwa kwa ajili yake. Bwanausi akabaki kibarua wa siku, wa kuondolewa mvua zikianza, kama miaka yote.

Jumamosi saa moja asubuhi alifika na shati kavu. Gunia alikuwa ameliacha nyumbani. Alimwamkia Mwanamvua, akamuuliza watoto wameamkaje, akashuka jarubani na kuvuta mvuto mrefu wa kwanza. Mwili ulikuwa baridi, mkono mwepesi.

Bandani Abdulazizi, jasho likianza kumchuruzika, alifungua kufuli la pipa na kuchovya kopo.