Bi Herufi wa Kitanda cha Dirishani

Saa ya chakula cha mchana, Chapuchapu alikuwa amesimama ndani ya stoo ya mashuka, simu ameiegemeza kwenye rundo la foronya, sikio moja lina kisikilizio na jingine liko wazi kuelekea wodini. Kwenye simu mwalimu alikuwa anaeleza namna ya kumhudumia mgonjwa mmoja kuanzia utosini hadi unyayoni. Wodini watu watatu walikuwa wanaomba maji, na wa nne alikuwa ameshaacha kuomba. Alimeza kipande cha mkate bila kukitafuna, akamwacha mwalimu aongee na foronya, akaenda.

Jina la Chapuchapu alipewa na wagonjwa. Kila aliyemwita alijibiwa, "Nakuja, chapuchapu," na kila aliyejibiwa hivyo alijua bora apitiwe na usingizi kwanza. Hakuwa mvivu. Wodi ya wanawake ilijaa hadi sakafuni, na zamu ilikuwa ya wauguzi wawili, siku ambayo mmoja wao haumwi.

Kwa miaka mingi alikuwa muuguzi msaidizi, mwenye cheti tu. Sasa alikuwa anasomea shahada kwa mtandao. Chuo kilikuwa mbali, na hakijawahi kumwona zaidi ya uso wake ndani ya kidirisha kidogo. Mafunzo ya vitendo kiliwaruhusu wanafunzi walio kazini wayafanyie mlemle wanamofanyia kazi, chini ya msimamizi wa hapohapo. Basi zamu ikiisha, alivua aproni ya buluu, akavaa koti jeupe la mwanafunzi, akarudi kwa mlango uleule akiwa mtu mwingine. Shida ni kwamba wodi haikujali rangi.

"We mwanafunzi," Sista Mkuu alikuwa akimwita, "hebu shika dripu hii."

Na mwanafunzi alishika dripu. Kisha alishika toroli, kisha mlango wa kabati la dawa lililovunjika bawaba, na jua likazama bado amevaa koti jeupe lenye madoa ya kazi ya buluu.

Alishaanguka vitendo mara mbili. Mara ya tatu chuo kingemfuta, na hospitali ilikuwa imetangaza kwamba wenye cheti watahamishiwa kazi za kuosha vyombo na kusukuma vitanda. Nyumbani, mama mkwe aliyemlelea watoto alikuwa ameshasema neno lake: "Mwanangu, kusoma ni kuzuri. Lakini hawa wanao wameanza kuniita mimi mama."

Kazi ya muhula huu ilikuwa nyepesi kuisoma. Mchague mgonjwa mmoja, mhudumie kikamilifu, andika ulivyomhudumia na alivyopata nafuu. Chapuchapu alimfikiria Bi Fundi, mshonaji mzee aliyepata kiharusi, ubavu wa kulia ukafa, akalala kitandani kama gauni lililoshonwa upande mmoja. Mtu wa namna hiyo hawezi kujigeuza. Kitabu kinasema ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo nyama inayolaliwa inaoza. Bi Fundi alikuwa akigeuzwa asubuhi, wakati wa kubadilisha mashuka, na siku nyingine jioni. Juu ya makalio yake kidonda cha kulalia kilikuwa kimefunguka upana wa kifuniko cha chupa, na kila siku kiliongeza kidogo. Kumwandika Bi Fundi alivyo ilikuwa kujiandikia mashtaka.

"Sista, sina mgonjwa wa kuandika," alimwambia Sista Mkuu, ambaye ndiye alikuwa msimamizi wake wa mafunzo.

"Wodi yote hii?"

"Sina niliyemhudumia wanavyotaka wao."

Sista Mkuu alicheka kwa pua. "Na nani anaye? Tunga, mwanangu, nitasaini. Wangu mimi alikuwa mwanamume, na wodi yenyewe ilikuwa ya wazazi."

Chapuchapu alitunga. Mwanzo aliandika kwa aibu, kisha utamu ukamwingia. Aliandika mwanamke mzee aliyepooza, asiye na jina, kwa kuwa chuo kilikataza majina; alimpa herufi moja tu. Alimgeuza kila baada ya saa mbili. Alimwosha kwa maji ya uvuguvugu na kumkausha katikati ya vidole. Alikaa naye, akamsikiliza, akamweleza ugonjwa wake kwa lugha nyepesi. Mgonjwa, aliandika, anatoa ushirikiano. Mgonjwa anasema anajisikia nafuu kuliko jana. Alipomaliza alijikuta anampenda.

Kesho yake asubuhi mgonjwa alikuwa kitandani, kitanda cha dirishani.

"Huyu kaingia usiku," Sista Mkuu alisema huku akihesabu vidonge. "Hana ndugu. Mgeuze, saa yake hii."

Chapuchapu alimtazama. Nyayo zake zilikuwa laini kama mashavu, kwa sababu hazikuwahi kukanyaga popote. Hakuwa na harufu yoyote, si ya jasho wala ya dawa. Wagonjwa wa jirani walimsalimia, akaitikia kwa adabu, na mmoja akamuuliza ametokea wapi.

"Hapakuandikwa," alisema.

"Pole," jirani akajibu, akaendelea kuchana nywele. Kufikia mchana wodi ilikuwa imempa jina, Bi Herufi, na mfagizi alikuwa ameshazoea kufagia chini yake.

Hakuwa na usumbufu hata chembe, ila kimoja. Saa yake ya kugeuzwa ikifika, mikono ya Chapuchapu iliacha chochote ilichokuwa imeshika, na miguu ikampeleka dirishani. Ilikuwa imeandikwa, kwa hiyo ilikuwa lazima iwe. Siku ya pili alikuwa ameinama juu ya kidonda cha Bi Fundi, chachi mkononi, bandeji ya zamani ameshaibandua, saa ikafika. Chachi ilianguka. Alikwenda akamgeuza Bi Herufi, akamkausha katikati ya vidole vilivyokuwa vikavu, akakaa akamsikiliza.

"Najisikia nafuu kuliko jana," alisema Bi Herufi.

Aliporudi kwa Bi Fundi, inzi alikuwa ametangulia.

"Nisamehe, bibi."

"Nilikuwa naangalia unavyomkunjia yule shuka," alisema Bi Fundi, mdomo umepinda lakini maneno yamenyooka. "Una mkono mzuri. Sikujua."

Maneno hayo yalimchoma Chapuchapu kuliko tusi. Tusi angelijibu.

Jioni alikuja binti wa Bi Fundi. Alifanya kazi kwa dobi, vidole vimekunjamana kwa maji, na alibeba supu kwenye chupa. Watu wa nje waliruhusiwa muda mfupi tu, wakae upande wa miguu na wasifunue shuka. Alimshika Chapuchapu mikono yote miwili.

"Sista, Mungu akulipe. Mama ananiambia mnamgeuza vizuri hadi mwenyewe hasikii."

Chapuchapu alitazama sakafu. Sakafu ilikuwa safi, hakukuwa na cha kutazama, lakini aliitazama hadi binti akaondoka.

"Bibi, mbona umemwambia vile?"

"Nimwambieje? Akalie yeye nyumbani, ulie wewe hapa? Wa kulia mmoja anatosha."

Bi Herufi aliruhusiwa siku iliyoandikwa, akitembea kwa kusaidiwa kidogo. Mlinzi alimfungulia geti. Kwao hakukuwa kumeandikwa, kwa hiyo alifuata ukuta hadi kwenye kona, na kona ikammaliza. Mlinzi alifunga geti akaendelea na redio yake.

Mwalimu alituma ujumbe akasifu. Alisema kazi ile imejaa utu, na kwamba atawaonyesha wanafunzi wengine waige. Kisha akakumbusha kwamba imebaki kazi ya pili ya muhula, mgonjwa mwingine, na baada ya hiyo ni shahada.

Bi Fundi alisikia yote, kwa sababu ujumbe ulisomwa na simu kwa sauti kando ya kitanda chake. Chapuchapu alikuwa anambadilishia bandeji kwa haraka. Kidonda kilikuwa kimefika mahali ambapo mtu hapaswi kupaona kwa mwenzake.

"Mwanangu," alisema Bi Fundi.

"Nakuja, bibi, chapuchapu."

"Uko hapahapa, utakuja mara ngapi? Nasikiliza tu hiyo simu yako. Nataka na mimi uniandike."

Chapuchapu aliandika siku hiyohiyo, stooni, na aliandika ukweli. Alieleza upana wa kidonda, na mgonjwa kulazwa ubavu mmoja tangu asubuhi hadi jioni, na wauguzi wawili, na kabati la bawaba iliyovunjika. Hasira ilimsaidia kuandika. Alipoituma alijisikia mwepesi kama mtu aliyetapika.

Jibu la mwalimu halikuchelewa. *Huu si uuguzi. Mgonjwa aliyepooza hawezi kuachwa hivi mbele ya muuguzi anayesoma. Matokeo hayaridhishi, mazingira yametiwa chumvi. Rekebisha kabla sijafunga alama, au utakuwa umeanguka.*

Alimwonyesha Sista Mkuu. Sista Mkuu alisoma ameiweka simu mbali na macho, akairudisha.

"Rekebisha."

"Lakini ndivyo ilivyo, Sista. Wewe mwenyewe unaona."

"Naona, na nitasaini. Wewe rekebisha, mwanangu. Ukweli utaufanya ukishapata shahada."

"Wewe unayo."

Sista Mkuu alitafuta kalamu mfukoni, ingawa alikuwa ameishika. "Kuna dripu imeisha kitanda cha katikati," alisema.

Kwa hiyo Chapuchapu alirekebisha. Kwa kweli alijiambia anamfanyia Bi Fundi hisani. Alimgeuza kwa saa, akamfunga kidonda mara mbili kwa siku, akaandika nyama mpya, nyekundu, safi, inayoota kutoka pembeni. Alimrudishia mkono wa kulia. Aliandika kwa bidii kuliko alivyoandika chochote maishani, na macho yakamlowa juu ya kioo cha simu. Mwisho akaandika kwamba mgonjwa anarudi nyumbani na binti yake.

Asubuhi Bi Fundi walikuwa wawili. Mmoja alikaa kitanda cha dirishani, mgongo mzima, mikono yote miwili juu ya shuka. Mwingine alikuwa mahali pake, ubavu uleule, na kidonda chake.

"Huyu wa dirishani anaruhusiwa leo," Sista Mkuu alisema. "Andaa karatasi zake."

Wagonjwa wa jirani waliwasalimia wote wawili, mkubwa kwanza, ingawa hawakuweza kukubaliana mkubwa ni yupi. Bi Fundi alimtazama mwenzake kwa muda mrefu, kama fundi anavyotazama mshono wa fundi mwingine.

"Kanenepa kidogo," alisema.

"Niliandika anakula vizuri."

"Na kushona? Uliandika?"

"Hapana, bibi. Hapakuwa na swali la kushona."

"Basi ile mashine itanyamaza," alisema Bi Fundi, akafumba macho.

Binti alikuja na chupa ya supu. Alisimama katikati ya vitanda viwili. Chapuchapu alikuwa ameshika karatasi za ruhusa, naye alijua kwamba akifungua mdomo atasema, na akisema atakuwa amesema kila kitu, kuanzia sakafuni hadi kwa mwalimu. Akaanza kuzipanga karatasi upya. Mama wa dirishani alinyoosha mkono wa kulia, mkono mzima wenye nguvu.

"Najisikia nafuu kuliko jana," alisema.

Binti aliangua kilio cha furaha. Alimvalisha mama yake viatu, ingawa nyayo zilikuwa laini mno na viatu viliteleza. Akafunga kitenge, akakusanya vijiko, akashukuru kila mtu. Alipokuwa anapita kando ya kitanda cha pili aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu mwenye malezi apitapo karibu na mgonjwa asiyemjua.

"Pole, bibi," alisema.

"Nimeshapoa, mwanangu," alijibu Bi Fundi, kama bibi yeyote anavyomjibu msichana yeyote.

Wakatoka. Mlango wa wodi, ambao haukuwa na komeo, ulijifunga na kujifungua mara mbili tatu.

Alama za Chapuchapu zilifika kabla ya jioni. Alikuwa amefaulu, tena vizuri. Aliweka simu mfukoni, akavaa glovu, akaenda kwa Bi Fundi. Hakuna aliyemtuma wala aliyemwita.

"Mwalimu kasemaje?" Bi Fundi aliuliza bila kufungua macho.

"Kasema ni kazi nzuri."

"Hongera. Hapo sasa."

"Bibi, mimi..." Chapuchapu alisema. Aliingiza mkono mmoja chini ya bega la mzee, mwingine chini ya nyonga, akaanza kumwinua polepole ili amlaze upande wa pili. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Shuka lililoganda lilibanduka taratibu, na Bi Fundi akatoa pumzi ndefu, pumzi ya mtu anayeshushiwa mzigo.

"Chapuchapu!" Sista Mkuu aliita kutoka mlangoni. Nyuma yake toroli tatu zilikuwa zimejipanga kwenye varanda, na juu ya kila moja mwanamke mzee mwenye nyayo laini, akitabasamu kwa ushirikiano. "Wanafunzi wenzako wamekuiga, wametuletea hawa. Wote saa yao ya kugeuzwa ni hii."

Mikono ya Chapuchapu ilikuwa bado imembeba Bi Fundi nusu njia. Aliisikia inaanza kulegea.

"Nakuja, bibi," alisema. "Nakuja sasa hivi."

"Nenda tu, mwanangu," alisema Bi Fundi. "Mimi nipo."

Akamrudisha polepole, ubavu uleule, akaenda.