Bambo Lisilofika Chini

Nimechoka. Nalisema mapema ili mtu asije akanilaumu kwamba sina uchangamfu. Mwaka wa tisa huu nakaa kwenye chumba kilicho juu ya ghala la mahindi hapa Sumbawanga, Julai upepo unapita chini ya mlango na mimi nimevaa makoti mawili, na kazi yangu ni kupasua maiti. Usishtuke. Programu ya kompyuta ikifa ghafla, humwaga kila kilichokuwa kichwani mwake ndani ya faili moja, na faili hilo sisi tunaliita maiti. Halafu kuna programu nyingine, dibaga, ndiyo daktari wake. Inalifungua faili, inapekua, inakwambia marehemu alikufa akifanya nini, kwenye mstari upi, na mstari huo aliuandika nani.

Kampuni moja ya ng'ambo ndiyo inayotengeneza dibaga hiyo, na sisi tumepewa kazi ya kuijaribu. Majaribio niliyaandika mimi, Coleta, na yanajiendesha yenyewe. Kila asubuhi yanafungua maiti kubwa kubwa mia nne, yanaiuliza dibaga maswali ambayo majibu yake nayajua. Ikijibu sawa, alama inakuwa ya kijani. Ikikosea, nyekundu. Miezi kumi na mmoja nilikuwa napata kijani tupu, na kusema kweli nilikuwa najivuna.

Bosi wetu, Amin, ametoka kwenye ukoo wa wanunuzi wa nafaka. Karibu na mlango wa ofisi ametundika bambo la marehemu baba yake, kile chuma chenye ncha na mfereji ambacho ukikichoma kwenye gunia kinatoka na punje, unajua ndani mna nini. Mzee yule alikuwa na sheria moja pale ghalani: bambo likitoka na pumba, mwenye gunia anaondoka, hakuna mjadala. Amin akaipandisha sheria hiyo mpaka kwetu juu. Dibaga ikitaja jina lako kwa kosa kubwa, unaondoka.

"Bambo halisemi uongo," ndivyo anavyosema, na ukimjibu unajitafutia ubaya.

Sasa, Jumatatu moja, programu yetu wenyewe, ile tuliyoyaandikia maghala kwa ajili ya kusajili wakulima na kupima magunia yao, ikafa huko Matai katikati ya ununuzi. Watu walikuwa wamejaa kama siku ya kipaimara. Wakawa wanalala nje na magunia yao, kwenye baridi ile ya juu inayong'ata masikio. Maiti yake ilikuwa na GB thelathini na nane, maana programu hubeba picha na alama za vidole za wakulima wa mkoa mzima. Dibaga ikaifungua, ikapekua, ikasema: imekufa kwenye mstari unaosoma mizani. Mwandishi: Flavian.

Amin hakupandisha hata sauti. "Ijumaa unakabidhi funguo," akamwambia.

Flavian ni kijana wa Namanyere, miaka ishirini na saba, mtani wangu mkubwa. Akitoka kwao huniletea migebuka mikavu, samaki wa ziwani, na kuniambia nile nipate akili. Wiki ile utani ukamwisha. Alikaa anautazama mstari ule mmoja na jirani zake kumi na moja, asubuhi mpaka jioni, midomo ikitembea kama anasali rozari.

"Dada Coleta, soma wewe," akaniambia. "Kosa liko wapi hapa? Au nimeanza kurukwa na akili?"

Nikasoma. Sikuona kosa. Nikamwambia nini? Nikamwambia, "Dibaga imesema, mdogo wangu." Mdomo huu huu. Nikikumbuka naona aibu mpaka leo.

Jumatano asubuhi akaja tena, macho mekundu. Alikuwa amempigia Teodori, mpimaji wa Matai. Teodori alimwambia kwamba saa ile programu ilipokufa mizani ilikuwa imezimwa, walikuwa wanaiingiza ndani kwa sababu ya vumbi.

"Mizani iliyozimwa inasomwaje, dada?"

Nikamwambia akanywe chai. Alipotoka tu, nikayafungua majaribio yangu.

Jamani, sikilizeni nilichokifanya. Maiti halisi za huko ng'ambo zina GB sitini, themanini. Kwa mtandao wetu huu, ukianza kushusha moja Majilio utaimaliza Pasaka. Basi nilitengeneza za kwangu. GB nne za kwanza nikaweka vitu vya kweli, na kutoka hapo kwenda chini nikajaza sifuri. Faili linavimba, ukilitazama ni kubwa, lakini chini ni sifuri tupu. Na maswali yote nikayauliza hapo juu, kwa sababu ndipo palipokuwa na kitu cha kuuliza. Mia nne kila siku! Kijani!

Mama yangu alikuwa anapakia magunia hivyo hivyo. Mahindi safi anayaweka mdomoni, pale wanunuzi wanapopenda kuchoma, na chini yanakaa yaliyobunguliwa. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia gunia. Wanunuzi wana haraka, bambo wanalizamisha nusu tu, na sisi watoto wote wa Ufipa tulikuwa tunalijua hilo kabla hatujajua kusoma. Halafu mimi, mtu mzima, msomi, nikajipakia gunia langu mwenyewe, nikalichoma mdomoni mwenyewe, nikajisifu mwenyewe. Loh!

Nikaandika jaribio jipya. Faili la GB thelathini na nane, safari hii kila GB ina namba yake ndani: ya kwanza moja, ya pili mbili, mpaka mwisho. Likafika ishirini na tisa, umeme ukakatika. Nikaanza upya. Nilikaa kwenye kiti kile nimekunja mikono ndani ya makwapa, naomba liishe na naomba lisiishe. Maana likitoka jekundu, jina litakalokuwa chini ya bambo ni langu.

Alhamisi saa nne likaisha. Nikaiuliza dibaga: GB ya kwanza ina nini? Moja. Ya pili? Mbili. Tatu, nne, vizuri. Ya tano?

Ikanijibu: moja.

Ya sita? Mbili. Inafika nne inarudi mwanzo, na inajibu bila hata kusita. Kwa hiyo kwenye maiti ya Matai ilikuwa imekwenda kuchungulia mahali sipo, ikarudi na jina. Alama thelathini na nne nyekundu zikajipanga mbele yangu.

Ikabidi nifanye kazi ya daktari kwa mkono. Nikakata ile maiti vipande, nikafuata namba moja baada ya nyingine, shingo ikaniuma, na kabla jioni haijaingia nikaufikia mstari wenyewe, wa kweli. Ulikuwa unahusu foleni. Aliyeuandika alitenga nafasi elfu moja za watu kwa siku, na Jumatatu ile Matai alikuja mtu wa elfu moja na moja.

Nikatazama mwandishi. Flavian.

Mungu ana utani wake. Nilikaa pale nikajikuta nacheka peke yangu, kicheko kibaya. Sasa nifanye nini? Nikinyamaza, kitabadilika nini? Yeye ni mkosaji vilevile, ataondoka vilevile, majaribio yangu nitayarekebisha kimya kimya na hakuna mtu atakayejua. Nisiwafiche, wazo hilo lilinikaa vizuri. Nililikalisha kichwani kwa muda wa kunywa kikombe kizima cha chai. Nimechoka, nina miaka arobaini na sita, nikitoka hapa nani ataniajiri?

Lakini nikamwona kupitia mlango. Bado anausoma ule mstari usio na kosa. Angeondoka nao hivyo mpaka Namanyere, ausome maisha yake yote. Mficha uchi hazai, wamesema wahenga. Nikamwita.

"Wewe Flavian, njoo uone ujinga wangu, halafu nikuonyeshe na wako."

Akausoma mstari wa foleni mara moja tu. "Elfu moja," akasema. "Dada, ni mimi. Ni mimi kweli. Nilijiambia nani atakuja na wenzake elfu siku moja, tena Matai?" Akafunika uso kwa mikono. Nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu kumbe vyote viwili. "Afadhali," akawa anasema. "Afadhali, dada. Nilidhani akili imeniacha." Kulirekebisha hakukumchukua hata robo saa.

Tukaenda kwa Amin pamoja. Nikamweleza kila kitu, sifuri na vyote. Akanisikiliza mpaka mwisho akilitazama bambo la baba yake.

"Kwa hiyo jina lilikuwa ni lile lile," akasema. "Bambo halikusema uongo."

"Lilisema uongo, bosi. Jina limeliotea tu. Na mimi ndiye niliyekuwa nakuapia kwamba linafika chini."

Kumfukuza mmoja alikuwa amezoea, wawili hakujua awaanzie wapi. Mwishoni akasema, "Waliolala kwenye baridi si mimi. Kesho twende Matai. Mtasimama mbele yao mseme wenyewe. Wakiwakubali, mnabaki. Wakiwakataa, msipande gari langu kurudi." Akalitungua bambo, akalifunga kwenye gazeti.

Ijumaa saa tatu tulikuwa Matai. Watu walikuwa bado wapo, wamejifunika mablanketi juu ya magunia. Flavian alisema kosa lake kwanza. Kisha mimi nikawaamkia, nikasema, "Kijana huyu alikosea hesabu ya foleni. Mimi nilikuwa na chombo cha kupima makosa, sikuwahi kukizamisha mpaka chini. Kwa sababu yangu siku nne alitafuta kosa mahali lisipokuwepo, na ninyi mkaendelea kuganda hapa. Naomba radhi."

Mwanaume mmoja akapiga kelele, "Siku nne nzima tunakula vumbi, mnatuletea radhi!" Wengine wakamuunga mkono, na mimi nikaanza kutazama ile barabara ya kurudi Sumbawanga kwa miguu.

Mbele kabisa ya foleni alikuwa bibi mmoja, Cornelia, mdogo wa umbo, kajifunga kitenge juu ya sweta la shule la mjukuu wake. Akamtazama Flavian.

"Sasa mashine inafanya kazi?"

"Shikamoo bibi. Inafanya."

"Marahaba. Basi pimeni. Kelele zenu hazinipi joto."

Watu wakacheka kidogo, wakasogea. Amin mwenyewe akalifungua bambo kutoka kwenye gazeti, akalichoma mdomoni mwa gunia la bibi, nusu, kama walivyozoea ukoo mzima. Bibi Cornelia akamshika mkono.

"Lizamishe, mwanangu. Mpaka chini. Sina pumba mimi."

Amin akanitazama. Mimi nikatazama chini, maana nilimkumbuka mama, na machozi yalikuwa yameshanifika. Akalisukuma bambo mpaka mkono wake ukagusa gunia, akalivuta taratibu, akamimina kiganjani. Mahindi meupe, makavu, ya chini kabisa. Akayashika muda mrefu.

Kisha akageuka, akamwambia Flavian, "Kaa kwenye mashine. Mwandike bibi."

Flavian akakaa, akamwandika.