Mehru na Boya Jekundu

Kaka yangu Sarwar tulimzika Jumatano. Jumamosi nikaenda ziwani kufundisha wanafunzi wake wa tanga, kwa sababu watoto wanane walikuwa wameshafika, vidau vimeshashushwa majini, na mwalimu mwingine upande wetu wa jiji la Bhopal, India, nilikuwa mimi tu.

Nilikuwa nikisubiri uchungu uje, hauji. Tangu moyo wake uliposimama akiwa kwenye foleni ya maziwa, nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi: naona kisu kinavyokata, sisikii kitu.

Somo lilikuwa kupiga bisha. Upepo ulitoka magharibi, na boya jekundu lilikuwa hukohuko. Nikawaambia hakuna chombo cha tanga kinachoingia moja kwa moja kwenye upepo. Unakwenda mshazari kulia, unageuka, unakwenda mshazari kushoto, hivyohivyo mpaka ufike. Sauti yangu niliisikia kama redio ya jirani.

Mehru, msichana wa miaka tisa, akaelekeza omo, pua ya kidau chake, kwenye boya. Tanga likapigapiga, kidau kikasimama. Akarudia, kikasimama tena. Mara ya tatu kikaanza kurudi kinyumenyume.

"Mehru, shuka usukume," Ghazanfar, mwanafunzi mwenzake, akamwambia akipita. "Au tukuletee nyati wa mkokoteni akuvute?"

"Wewe wiki iliyopita uligonga gati. Nyamaza."

Nikasogeza mashua yangu ya injini karibu naye.

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye boya."

"Basi liache kwanza."

"Kaka Sarwar alisema tulitazame."

"Mlitazame, ndiyo. Hakusema mliendee moja kwa moja."

"Dada Shaista, mbona hulii? Mama alisema leo utalia, tusikusumbue."

"Sijui, mwanangu. Machozi hayatoki. Sukuma tanga kwa mkono, lipeleke mbali. Zaidi. Ngoja omo igeuke."

Omo ikageuka taratibu.

"Sasa vuta kamba. Panda ukingoni, upande wa upepo."

Kidau kikalala kidogo, kikashika mwendo. Kwenye kugeuka kwa kwanza alikalia kamba yake mwenyewe, nusura apinduke. Mara ya pili akainama, tanga likampita juu ya kichwa, akahamia upande mwingine bila kuambiwa. Wenzake waligeuka mara tano, yeye mara tisa. Akaligusa boya kwa kiganja, akanitazama.

Nikamwonyesha dole gumba. Sarwar angepiga kelele mpaka sauti imkauke. Mimi niliitafuta furaha pale inapokaa siku zote, sikuikuta. Nikatazama petroli imebaki kiasi gani.

Tulipotoka majini mama yake Mehru alikuwa ametuletea sufuria ya poha, mchele bapa wa kukaanga, na jalebi za moto zinazochuruzika sharubati. Ghazanfar akampa Mehru jalebi yake moja. Na mimi nikala. Ladha sikuisikia, lakini sahani niliimaliza.

Machozi yalikuja baada ya wiki sita, dukani, muuza viatu aliponiuliza navaa namba ngapi. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimefundisha Jumamosi zote, na Mehru alikuwa analifikia boya kwa kugeuka mara sita tu.