Spana Aliyoniachia Mkwe

Baiskeli aliyonipa marehemu mkwe wangu ni ya Kiingereza, ya zamani, na kila mwenye baiskeli kama hiyo hapa Yogya, Indonesia, anajua kwamba nati zake hupimwa kwa inchi. Kila mtu isipokuwa mimi. Nilinunua boksi la spana thelathini mpya, zinang'aa, zote za milimita, nikarudi nyumbani kifua mbele.

Spana namba kumi na tatu haikuingia. Kumi na nne ilipwaya. Nikailazimisha hiyo hiyo, ikateleza, ikala pembe za nati na ngozi ya kidole changu.

"Thelathini zote, hata moja haikutaki?" mke wangu Tumini akauliza kutoka jikoni.

"Niache, Mama Wening. Nati hii ina laana!"

"Nati ina kosa gani? Mtu mzima unanunua kiatu bila kupima mguu!"

Lakini alikuja akanifunga kidole kwa kitambaa, taratibu, bila kucheka. Kisha akarudi jikoni, akainua chuma cheusi, kizito, anachokandamizia tofu, jibini la soya, litoke maji. Miaka sita nimekiona pale, nikidhani ni chuma chakavu tu. Akakifuta maji, akanipa.

Ilikuwa spana. Iliikamata nati ya upande wa pili kama vile zilizaliwa pamoja, ikaifungua bila kelele.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Baba alikupa vyote viwili siku moja. Ukapanda baiskeli ukaenda kuringa nayo, spana ukamwachia mkononi."